Mkono Ulioua Betri ya Baba Mkubwa

Mtu wa mashoto akigusa betri isiyo na mdomo, umeme wake hugeuka na kurudi ulikotoka. Niliambiwa hivyo nikiwa darasa la sita, nikaamini kwa moyo wangu wote na kwa mkono wangu wote, maana mimi ni mashoto tangu kuzaliwa. Niliamini kiasi kwamba nikiwa Nyaishozi siku ya gulio, basi la kwenda Bukoba likipita, nilikuwa naubana mkono wa kushoto kwapani mpaka vumbi litulie, ili abiria wa watu wafike salama. Kwa hesabu zangu niliokoa abiria wasiopungua elfu ishirini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kunishukuru.

Nimeyakumbuka haya juzi kwa sababu ya harufu. Nina kiduka Kayanga, natoa fotokopi na kuwaandikia watu barua, na chini ya meza naweka betri ya kunisitiri umeme unapokatika. Asubuhi moja nilifungua mlango nikapokelewa na harufu ya yai viza. Nikamshuku paka. Nikamshuku jirani anayekaanga dagaa. Ndipo nikainama, nikaiona betri imevimba mbavu kama mbuzi aliyeiba mihogo mibichi. Ni hizi zilizozibwa kila upande, zisizoongezwa maji. Nikachukua mita, nikaipima: volti kumi na mbili na ushee, namba ya mtu mzima mwenye afya. Nikaiunganisha na balbu ya taa ya gari ili niipe kazi ya kufanya, na namba zikaporomoka mpaka saba.

Nilikaa chini sakafuni, mtu mzima mwenye watoto wakubwa. Mporomoko ule niliwahi kuuona mara moja tu, nikiwa mtoto, na siku ile niliupokea kama hukumu ya kunyongwa. Wa rika langu mtanielewa. Sisi tulihukumiwa kwa mambo mengi tukiwa wadogo, na wengi tulitumikia kifungo bila kuuliza ushahidi ulikuwa nini. Mimi nimeamua kuuliza, ingawa nimechelewa.

Baba yangu alipofariki, mimi na Mama tulibaki Rugera kwenye kibanja kimoja, shamba la migomba lenye nyumba zetu, pamoja na kaka wa marehemu, Baba Mkubwa. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya kuangusha parachichi zisizoiva, na aliamini kwamba hakuna jambo duniani lisilo na mwenyewe. Ng'ombe akitoa maziwa kidogo, yuko aliyesababisha. Mvua ikikawia, yuko. Mwanawe Deo alikuwa na umri kama wangu, na alijifunza mapema kwamba usalama wake ni kutaja jina la mtu mwingine haraka.

Betri ilitufikia wakati wakimbizi waliporudi kwao na kambi zikafungwa. Vitu vingi vilisambaa vijijini siku zile: maturubai, ndoo, mablanketi ya kijivu yanayowasha shingo. Watu walirudi na ndoo, Baba Mkubwa akarudi na betri nyuma ya baiskeli, ameifunika koti lake kama mgonjwa. Ilikuwa sanduku jeusi, zito kuliko dhambi. Betri tulizozijua zilikuwa na vizibo sita mgongoni. Unafungua, unachungulia, unaongeza maji. Hii haikuwa na kizibo hata kimoja.

"Inanywea wapi?" Deo akauliza.

"Hii hainywi," Baba Mkubwa akamjibu. "Ilishakunywa yake yote huko kwao. Usiiangalie sana, utaichosha."

Hakuna aliyeuliza ilikuwa na umri gani. Ng'ombe tulimkagua meno kabla ya kumpokea, mchumba tulimuuliza ukoo mpaka babu wa tatu, lakini betri iliyokaa kambini ikichajiwa na kukamuliwa usiku na mchana tuliipokea kama bikira. Tuliipeleka kwenye mashine ya kusaga ya Nyaishozi, mwenye mashine akaichaji, na redio ya Baba Mkubwa ikaimba kwa nguvu mpaka ndege wakahama mgomba mmoja hadi mwingine. Majirani walijaa uani kila mchana saa ya matangazo ya vifo. Sisi watu wa kwetu tulifiwa kwa njia ya redio. Usiposikia tangazo, humziki mtu wako, na usipomzika, heri ungekufa wewe.

Kwa miezi michache mambo yalikwenda. Kisha betri ikaanza kuchoka. Mwanzo ilimaliza wiki, baadaye siku tatu, baadaye taarifa ya habari tu. Na mchana mmoja, mbele ya majirani wote, mtangazaji akasema kwa ile sauti yake ya msiba, "Familia ya mzee," halafu kimya. Redio ikazimika. Baba Mkubwa akaipiga kofi, akaitikisa, akaibembeleza kwa Kinyambo, lugha yetu, haikujibu. Watu walikaa pale wakijiuliza ni familia ya mzee gani, kila mmoja akimhesabu mzee wake. Siku ya tatu ndipo habari ikafika kwa miguu: mzee aliyekufa ni mjomba wa Baba Mkubwa, wa Igurwa, aliyemlea, na wameshamzika. Kule Igurwa walisema mpwa amefanya makusudi.

Sasa ninyi mnajua uzito wa jambo hilo. Mtu asiyemzika mjomba wake hana uso. Na Baba Mkubwa, kama nilivyosema, aliamini kila jambo lina mwenyewe. Ila kwanza alijaribu tiba.

Tiba yenyewe aliitoa kwenye ndizi. Kwetu ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi, huivishwa shimoni. Unachimba shimo, unachoma ndani yake majani makavu mpaka udongo ushike joto, unatandika majani mabichi ya mgomba, unapanga mikungu, unafunika kwa majani tena na udongo. Siku ya nne unafukua ndizi laini, tamu, zilizoingia ngumu kama mawe. Na nyumbani kwetu ilikuwepo sheria: rubisi ikiwa chachu, anatafutwa mkono uliogusa shimo vibaya. Hawatafuti ndizi mbaya wala mtungi mchafu. Wanatafuta mkono.

"Betri za tochi zikiisha tunazianika juani, si zinapata nguvu?" Baba Mkubwa akatuuliza siku hiyo, amesimama juu ya shimo kama padri. "Zinapata. Na ndizi zikipata joto, si zinapata utamu? Zinapata. Basi hii nayo inataka joto, joto la kutulia."

Kwa hiyo betri ililazwa shimoni pamoja na mikungu miwili ya kuisindikiza. Deo alileta majani, mimi nikayapanga. Tulifunika. Siku ya nne Baba Mkubwa akafukua kwa mikono yake, akakuta ndizi zimeiva vizuri na betri imevimba tumbo.

"Imeiva," akasema, na uso wake ulikuwa na furaha niliyokuwa sijaiona tangu msiba.

Aliunganisha redio. Ikaimba nusu ya wimbo wa kwaya, ikafa.

Ndipo akaitwa fundi Respicius kutoka Nyaishozi. Alikuwa kijana mwembamba, mtaratibu, mwenye mita ya mshale aliyoibeba kwenye mfuko wa kitambaa kama Biblia. Kwa tahadhari alikuja na betri nyingine nyuma ya baiskeli, mpya, nayo haina mdomo. Alikaribishwa uani, akawekewa kibuyu cha rubisi na mrija, rubisi ya ndizi zilezile zilizolala na mgonjwa. Ua ulijaa. Mama alikuwa upande wa jikoni anamenya ndizi, Deo kwenye ngazi, mimi karibu kabisa na betri, kwa sababu nilizipenda zile nyaya zake, nyekundu na nyeusi, kuliko nilivyopenda chakula.

Fundi akagusisha mita. Mshale ukapanda.

"Kumi na mbili na ushee," akasema.

Baba Mkubwa akapiga paja. "Si niliwaambia? Shimo limefanya kazi."

"Subiri kidogo, mzee. Hapo nimeipima ikiwa imelala. Hata mgonjwa akilala utasema mzima. Sasa tuipe mzigo tuone." Akatoa balbu ya taa ya gari, akaunga waya mmoja, wa pili akauacha unaning'inia. Mikono yake miwili ilikuwa imeshika mita. Akatazama pembeni. "Wewe kijana, shika huo waya, gusisha hapo kwenye kichwa cha betri."

Nikashika. Nikagusisha. Nilitumia mkono wa kushoto kwa sababu ndio mkono niliokuwa nao. Ule mwingine ulikuwa wa kujazia mwili.

Balbu ikatoa mwanga mwekundu kama jicho la mlevi. Mshale ukaanza kuteremka. Kumi. Tisa. Saba. Ukalala pale.

"Umeshika kwa mkono gani?" Baba Mkubwa akauliza, polepole.

"Huu."

"Fundi, umeona?"

Fundi Respicius alitazama mshale, akanitazama mimi, akatazama kibuyu. "Nimeona mshale umeanguka, mzee."

"Umeanguka alipogusa."

"Alipogusa, ndiyo."

Kila neno katika jibu lile lilikuwa la kweli, na ndiyo sababu nimelibeba kifuani miaka yote hii. Uongo ningeupinga siku moja. Ukweli wa namna ile unaupingaje?

"Na majani ya shimo," Baba Mkubwa akaendelea, "aliyapanga nani?"

"Huyo," Deo akasema, kabla swali halijafika chini.

"Kwa mkono gani?"

"Huohuo."

Basi, kesi ikaisha. Fundi akafungua kamba za baiskeli, akateremsha betri mpya, akaiweka palepale. Baba Mkubwa akainua kidole. "Deo, njoo wewe mwenye mkono wa kulia." Deo akaja, amefunga vifungo vya shati mpaka shingoni kama anapokea kipaimara. Akashika waya, akagusisha. Balbu ikawaka mpaka kuku wakadhani kumekucha tena. Mshale ukasimama kwenye kumi na mbili, ukatulia kama askari.

"Mmeona," Baba Mkubwa akawaambia watu. Wakasema wameona.

Nawauliza ninyi, watu wazima wenzangu, mliosoma na msiosoma: waliona nini? Walibadilisha betri na mkono kwa wakati mmoja, halafu wakausifu mkono. Ua mzima, watu wanaojua kutofautisha aina kumi za ndizi kwa kupapasa jani gizani, hawakuweza kutofautisha betri kuukuu na betri mpya. Ni mtu mmoja tu aliyeona, naye alikuwa anamenya ndizi.

"Baba Deo," Mama akasema kutoka jikoni, bila kuinuka, "mpe na mtoto wangu aguse hiyo mpya, tuone."

Hakuna profesa angeweza kupendekeza jaribio zuri kuliko hilo. Dakika moja tu, ningekuwa huru.

"Shemeji," Baba Mkubwa akamjibu, "unataka nizike betri mbili kwa siku moja?"

Watu walicheka. Fundi naye alicheka, mrija mdomoni. Mama akarudi kwenye ndizi zake, na nilimwona anazimenya kwa kina mno, anatupa nusu ya ndizi pamoja na ganda.

Jumapili iliyofuata Baba Mkubwa alinipeleka Igurwa. Sikujua tunakwenda kufanya nini. Nilidhani ni matanga ya kuchelewa, nikafurahi kwamba kutakuwa na nyama. Tulipofika, wafiwa wakiwa wamekaa kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni, alinisimamisha katikati, akaunyanyua mkono wangu wa kushoto juu kama anaonyesha nyoka aliyemuua njiani.

"Huu hapa," akasema. "Mimi sikukataa kuja kumzika mjomba. Huu ndio ulionizuia kusikia."

Wazee wakautazama. Bibi mmoja, dada wa marehemu, alinyoosha kidole akaugusa kiganja changu, akakirudisha haraka. Mzee wa ukoo akasema, waitu, ndugu zetu, sasa wameelewa, na mpwa wao ni mpwa wao. Baba Mkubwa akapewa kiti. Uso wake ulirudi mahali pake palepale, niliuona ukirudi. Nami, kwa kuwa kila mtu alikuwa ananitazama, nikafanya nililodhani ni la adabu. Nilisema, "Poleni. Sitarudia."

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, kama mnataka kujua. Si kwenye kamba. Kamba ilikuja baadaye: Baba Mkubwa alisokota ya mgomba, akanifunga mkono kiunoni kila asubuhi kabla ya shule, na mwalimu wa darasa akasifu, akasema hata yeye alikuwa na mpango huo. Kamba naikumbuka kwa harufu yake ya maji ya mgomba na madoa meusi yasiyotoka kwenye shati. Mama aliifungua kila nilipoingia kibanjani, ananipa kisu, ananiambia, "Menya unavyojua." Kamba niliizoea. Lakini ile samahani niliyoiomba mbele ya wafiwa, kwa kifo ambacho sikukisababisha, na kwa mazishi ambayo sikuyazuia, haijanitoka. Na niliiomba kwa dhati. Nililala na mkono ule nikiwa nimeulalia ili usiende kuua kitu kingine.

Mtihani wa darasa la saba niliufanya kwa mkono wa kulia. Mwandiko wangu ulikuwa kama wa kuku aliyekanyaga wino akakumbuka anafukuzwa. Mwandishi bora wa insha shuleni, yaani mimi kwa maneno ya mwalimu huyohuyo mwaka uliotangulia, alimaliza nusu ya karatasi. Sikuchaguliwa. Deo alichaguliwa. Nilikata ndizi na kupalilia kahawa mpaka nikaota ndevu, na sekondari nikaimalizia shule ya jioni huko Bukoba, nimekaa dawati moja na mtu aliyekuwa na watoto sita, nikiandika kwa mkono wangu mwenyewe na mwalimu hajali naandika kwa mguu au kwa pua. Palepale nilifundishwa umeme. Nilijua sasa kwamba hauna kushoto wala kulia kwa mtu. Lakini kujua kitabuni ni jambo moja, na kuambiwa na waliokuwepo ni jingine. Baba Mkubwa tulimzika miaka mingi iliyopita, akiwa hajabadilisha neno, na kwenye mazishi yake Deo alinipokonya koleo, kwa upole, akaniambia nipumzike.

Kwa hiyo juzi, baada ya kuitoa betri yangu iliyovimba na kuweka mpya, nilifunga duka nikapanda pikipiki mpaka Nyaishozi. Fundi Respicius yupo bado. Amezeeka, amekaa barazani na redio za watu zilizofunguliwa matumbo, anatafuta skrubu kwa kupapasa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umeleta redio?"

"Nimeleta mkono." Nikamwekea wa kushoto juu ya meza yake.

Akautazama kwa muda. Nilidhani amesahau. "Rugera," akasema. "Yule wa balbu."

"Ndiye. Ulijua, siku ile?"

"Nilijua."

"Ukasema, alipogusa, ndiyo."

"Mzee wako alishaamua kabla sijafungua mfuko. Kama ningembishia ningerudi na betri yangu mpya nyuma ya baiskeli na njaa juu." Akaokota bisibisi. "Nilidhani ni maneno ya rubisi. Nilidhani kesho yake wamesahau."

"Nilifungwa mkono mpaka nikamaliza shule. Nilipelekwa Igurwa kuomba msamaha msibani."

Aliweka bisibisi chini. Nilikuwa nimekuja na hotuba ya saa nzima niliyoipanga njiani, kilima kwa kilima, nikaiacha hukohuko njiani.

"Basi niambie sasa," nikasema. "Kama ulivyopaswa kuniambia pale uani."

Akavuta kigoda, akanisogelea, akaongea kwa sauti ile ya taratibu, kama vile bado nina miaka kumi na miwili.

"Kijana, ile betri ilikuwa imezeeka. Ilizeeka kabla haijafika kwenu, na lile shimo likaimalizia. Angegusa mtu yeyote, mshale ungeanguka."